Wavu Haustaafu

Grimsby, mwezi wa pili. Jua hutoka
kama mtu aliyeamshwa kutia sahihi barua,
likatia, likarudi kulala.
Nami niko gudini, chini ya meli, nyundo mkononi,
nabambua rangi kwa ujira wa saa.

Juu nyeupe, ya benki iliyomnyang'anya mwenyewe.
Chini yake kijivu. Chini ya kijivu, samawati.
Chini ya samawati nyekundu, mbichi kama ufizi,
na ndani ya ufizi, meno: herufi za chuma
alizozichomelea mtu asiyetaka zisahaulike.
ADA BLANCHARD.
Miaka thelathini alivua.
Leo ni zamu yake kuvuliwa.

Nahodha mpya ni Thirza Oldroyd, zamani mwalimu wa kemia.
Avaa ovaroli ya marehemu mumewe,
mikono kaikunja mara tatu.
Atuonyesha michoro: palipokuwa na winchi
pakae boti mbili za mpira;
paliposhukia wavu, kreni ndogo;
na ngama, ile ngama ya barafu,
iwe maabara, vichupa vya maji ya bahari
vimepangwa kama wanafunzi asubuhi.
Tumeisugua kwa magadi, kwa siki, kwa mvuke, kwa matusi.
Bado inanuka chewa.
"Iacheni," asema. "Atakayeshuka humu kuipima bahari
na anuse kwanza kilichopungua."

Saa nne kila siku huja Clifford Drewery
na mbwa wake asiyependa baridi.
Aliingia meli hii akiwa na miaka kumi na sita;
vidole viwili alivisahau kwenye roda.
Husimama ukingoni, hutema mate, hutuita wezi wa mkate.
"Mtaitumia kutufukuza baharini."
"Kumfukuza nani, Cliff?" Thirza humjibu. "Nani kabaki?"
Mbwa hutetemeka.
Hakuna anayecheka.

Siku ya kumi na tisa hakutema.
Alipanda ngazi, akashuka ngamani,
akakaa juu ya ndoo ya rangi, akavuta pumzi
mpaka nikadhani analia. Labda alinusa tu.
Akatoa daftari lililofungwa kwa utepe wa fundi umeme:
kila mwamba, kila mabaki ya meli, kila mahali
sakafu ya bahari ilipouma wavu ikakataa kuachia,
yote kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu anayeyumba.
Akaweka kidole, kimoja kati ya vitatu.
"Hapa. Sabini na nne, mwezi wa kumi na moja.
Wavu mzima, nailoni mpya. Tulikata kamba, tukarudi nyumbani.
Mimi nimestaafu mara mbili tangu siku ile.
Wavu haustaafu."

Chewa huingia, hufa, humwita kaa.
Kaa huingia, hufa, humwita chewa mwingine.
Hapana Jumapili kule chini. Hapana mnada, hapana mizani,
hapana wa kusema leo yatosha.

Bango la safari ya kwanza lilikuwa tayari,
kitambaa cha manjano, mita kumi na mbili,
na wapiga picha walikuwa wameahidiwa siku.
Thirza alilitazama, akalikunja,
akalisukuma chini ya kitanda kwa kisigino.
"Tutaanza hapa," akasema, na penseli ikachora duara.

Kesho maji yakijaa, mlango wa gudi utafunguliwa.
Nimepaka kijani mara tatu juu ya jina la kale.
Mashine ya kusaga chuma niliirudisha stoo,
na hakuna aliyeniuliza kwa nini.
Pitisha kiganja ubavuni, gizani, bila glavu:
A, D, A.

Cliff alipita jioni, akapapasa.
Akauliza kama ile kreni itahimili.
Nikamwambia sijui, mimi ni wa rangi.
"Utakuwa mzito," akasema,
akimfungia mbwa kishikizo cha koti.
"Umekula miaka hamsini."